Siku moja na karakana inayotembea kwa gari, Muheza

Saa 11 alfajiri. Tanga mjini. Napakia Hiace tuliyoing'oa viti vya nyuma: printa mbili za 3D (mashine zinazojenga vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka), kompyuta mpakato, inveta na betri. Betri nazikagua kwa makini, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, kitu kilichochapwa nusu mara nyingi hakifai tena.

Saa 2 asubuhi. Shule ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Muheza. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, hamjambo?" Kazi ya leo wanafunzi wameichagua wenyewe. Koki za tangi la maji zimevunjika mikono, na kila anayetaka maji hutafuta koleo kwanza.

Saa 3. Kompyuta bado zimefungwa. Kila kundi linapima kichwa cha mraba cha koki kwa kalipa ya vernia, chombo cha kupimia unene na upana mdogo ambacho wengi wao walikuwa wakikijua kwa mchoro wa ubaoni tu. Kundi moja lapata milimita 7.9, jingine 8.0, jingine 8.4. Ubishi unawaka. Siuzimi. Wanarudi tangini, wanapima tena, hadi wale wa 8.4 wanagundua walikuwa wamepima pamoja na kutu.

Saa 5. Tunachora mkono mpya wa koki kwa OpenSCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea maumbo. Ni ya bure na haihitaji intaneti. Humo huburuti umbo kwa kipanya. Unaandika vipimo, nalo umbo linafuata.

Saa 6 mchana. Printa inayeyusha plastiki ya PLA, inayotokana na wanga wa mimea kama mahindi, kwa joto la nyuzi 200 hivi. Kila tabaka lina milimita 0.2, kwa hiyo mkono wa koki wenye kimo cha milimita 20 unahitaji matabaka 100. Hesabu hiyo wameipiga wao kabla sijafungua mdomo.

Mkono unatoka kwenye printa, lakini hauingii kwenye koki.

"Mwalimu, tundu limebana."

"Limebana kiasi gani?"

Kimya, kisha kalipa. Ni 7.8, ingawa mchoro unasema 8.0, kwani plastiki ya moto hutanuka kidogo kuelekea ndani ya tundu. Wanaandika 8.3 na kuchapa upya.

Saa 9 alasiri. Koki inazunguka, maji yanatoka, shangwe. Nawaambia ukweli kwamba PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na tangi liko juani. Nitakaporudi tutatumia PETG, plastiki nyingine inayostahimili joto zaidi.

Saa 11 jioni. Njiani kurudi. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari, nami nalifurahia kwa dhati. Lakini wageni wanaotutembelea huuliza tuna printa ngapi, wakati darasa zima huweza kuisubiri printa moja na lisipoteze kitu. Kinachokosekana ni vyombo vya kupimia, kila mtoto na chake mkononi. Fedha zikipatikana leo, ningenunua kalipa kabla ya printa ya tatu. Kalipa tulizokuwa nazo nimemwachia mwalimu wa fizikia, azitumie hadi tutakaporudi.