Pini za mdomoni na noti za juu

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Moshi karibu na soko la Mbuyuni, na Jumatano na Jumamosi jioni ni mazoezi ya kwaya, naimba sauti ya kwanza. Mwaka jana kuelekea Pasaka nikaanza kukwama. Noti za chini zinatoka freshi kabisa, tukipanda tu sauti inabana, inakuwa nyembamba kama inalazimishwa kupita kwenye tundu la sindano, afu kesho yake wateja nawahudumia kwa kunong'ona.

Nikafanya yale yote tunayofanyaga, tangawizi, asali, kuna mmoja akaniambia meza yai bichi nikameza (sirudii). Kumbe unachomeza hata hakizigusi kamba za sauti, zenyewe ziko njia ya hewa, chai ikifika pale utapaliwa mpaka machozi. Maji ni mazuri ila yanapitia mwilini kwanza, sio unakunywa leo dakika hiyo koo linalainika.

Alieniokoa ni mwalimu wa kwaya, na wala hakugusia habari ya koo. Alinisikiliza, akanizunguka, akaniuliza, "Dada, hivi mdomoni umeweka nini?" Nikamwambia sina kitu mwalimu. Akasema, "Mbona unaimba kama kuna kitu umekibana kwa meno?"

Aisee, pini! Miaka kumi na moja, kutwa nzima, pini tatu nne ziko katikati ya meno, mteja kasimama mbele ya kioo mi nimepiga magoti nazichomoa moja moja nachomeka kwenye pindo la gauni, na taya limeshazoea hivo hata nisipokuwa na pini. Usiku ule nikaweka vidole mashavuni chini kidogo ya masikio, nikauma meno, nikasikia msuli umevimba kama kokoto. Nikaachia. Ukashuka nusu, ukagoma.

Na sio taya peke yake. Weka kidole gumba chini ya kidevu, ile sehemu laini, afu imba "aaa" ukipanda juu taratibu. Ikikaza na kukusukuma kidole kwa nguvu ujue ulimi unavuta kwa chini. Shina la ulimi limeshikana na kamfupa kadogo kapo juu ya koo, na kile kiboksi cha sauti kinaning'inia hapohapo kwenye kamfupa, kwa hiyo ulimi ukikaza kila kitu kinavutwa. Na kamba zenyewe hazifiki hata sentimita mbili! Ukiimba ile noti ya "la" ambayo watu wa vyombo wanatyunia, zinapigana mara 440 kwa sekunde moja. Sasa kitu kama hicho unakikaba halafu unataka kicheze?

Mwalimu akanisimulia habari ya Frederick Matthias Alexander, mzaliwa wa Tasmania kule Australia, 1869, kazi yake ilikuwa kughani mashairi jukwaani na sauti ikawa inamkauka akiwa kazini. Akajiangalia kwenye vioo, akakuta kila akitaka kutoa sauti anavuta kichwa nyuma anaikandamiza shingo, na mwenyewe hakuwa anajua. Mimi kioo ninacho, cha wateja. Nikasimama mbele yake nikaimba, na kweli, kabla noti haijatoka kidevu kimeshanyanyuka, mabega yako masikioni, magoti nimeyakaza kama mlingoti wa bendera.

Halafu kuna hili la aibu. Sare zetu za kwaya nimeshona mimi, na kiuno nilikibana ili sketi zikae vizuri. Sasa ukivuta pumzi, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unashuka, unasukuma utumbo, tumbo lazima litokeze mbele, lisipopata nafasi pumzi inaishia kifuani. Nimewanyima pumzi sauti ya kwanza wote na sauti ya pili pia! Nimezifumua moja moja nikaweka mpira, bure, bila kumweleza mtu sababu.

Saivi nikifunga kibanda natandika kitenge chini, nalala chali magoti juu, kitabu cha nyimbo chini ya kichwa, dakika kumi na tano hivi, sifanyi kitu, naacha sakafu inibebe. Nikiinuka natetemesha midomo brrrr kama mtoto anaeendesha pikipiki, napanda nayo na kushuka, maana midomo ikikaza kidogo tu ule mtetemo unakata, huwezi kujidanganya. Pini nimezishonea kamto kadogo nakavaa mkononi. (Ila kama sauti imekauka wiki tatu nne haijarudi, acha brrrr nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hapa Moshi hospitali ya KCMC wapo.)

Jumamosi iliyopita tulifika pale pale panaponikwamisha, nikaachia taya likaning'inia, sura yangu sijui ilikuwaje, na ile noti ikatoka yenyewe, pana, bila kuisukuma. Nikashtuka nikanyamaza. Wenzangu wakaendelea mistari miwili mizima mi nimesimama mdomo wazi, na mwalimu kule mbele anapunga mkono anacheka.