Siku moja maishani mwangu: kwotabeki wa mashoto

Saa 11:10 alfajiri. Simu inalia na mimi niko macho tayari. Leo ni Jumanne, siku nzito kuliko zote kwa mtu kama mimi: kwotabeki wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Marekani, wa nne katika orodha ya wanne. Nje bado giza, na baridi ya Oktoba imeganda kwenye kioo cha dirisha. Kabla ya kushuka kitandani nakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto mara kumi. Ndio mkono wangu wa kazi.

Kwa asiyeujua mpira wa Kimarekani: kila upande una watu 11, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kwotabeki ndiye anayeupokea mpira jaribio linapoanza na kuamua uende kwa nani. Akikosea, uwanja mzima umemwona.

Saa 12 kasoro robo. Vyuma. Miguu na mgongo leo, bega tunaliacha lipumzike. Kisha mayai manne, uji wa shayiri, ndizi mbili.

Saa 2 asubuhi. Chumba cha video. Wapinzani wetu wa Jumamosi wana kwotabeki wa mashoto, na katika sisi wanne mashoto ni mimi peke yangu. Jana kocha alinigeukia akasema, "Wiki hii wewe ndiye yeye."

Hiyo ndiyo kazi ya timu ya kuigiza. Wachezaji wapya na wale wasio na namba wanajifanya wapinzani, ili kikosi cha kwanza kikifika Jumamosi kisikutane na kitu kigeni. Na mashoto ni kitu kigeni kweli. Mpira wake unajizungusha kinyume, anapenda kukimbilia upande ambao mabeki hawajauzoea, na anayemlinda mgongo ni mtu wa kulia badala ya wa kushoto. Nimetazama mechi tano za yule wa Jumamosi. Kabla ya kutupa anaupigapiga mpira kwa kiganja mara mbili. Akitaka kukimbia, kisigino cha kulia kinainuka kwanza. Nimeandika yote kwenye daftari.

Mkono huu una historia yake. Nilizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma, wazazi wangu wakiwa wametoka Fizi, Kongo. Bibi alikuwa akinigonga vidole kila nikipokea kitu kwa kushoto. "Huo si mkono wa kumpa mtu," alisema. Nikajifunza kula kwa kulia, kupokea kwa kulia, kuandika kwa kulia. Kurusha jiwe kwenye embe tu ndiko kulikogoma kuhama. Halafu nafika huku nasikia habari za kwotabeki Tua Tagovailoa: yeye ni wa kulia kwa asili, lakini baba yake, ambaye ni mashoto, alimfundisha kutupa kwa kushoto. Januari 2018, akiwa mwaka wa kwanza, aliingizwa kipindi cha pili cha fainali ya vyuo, Alabama ikiwa nyuma 13–0 mbele ya Georgia. Aliimaliza mechi katika muda wa nyongeza kwa pasi ya yadi 41, ikawa 26–23. Natamani bibi angeiona pasi ile.

Saa 4 hadi saa 7 mchana. Darasani. Takwimu, kisha uandishi. Huku hakuna jezi, na alama zikishuka huchezi.

Saa 9:30 alasiri. Uwanjani, mvua nyepesi. Jezi yangu ni nyekundu, maana yake haruhusiwi mtu kuniangusha, na mgongoni ina namba ya yule wa Jumamosi. Kwotabeki wetu wa kwanza ana spika ndogo ndani ya kofia, kama sheria inavyoruhusu tangu 2024. Anamsikia kocha hadi saa inayohesabu muda wa kuanza jaribio ibakize sekunde 15, kisha sauti inakatika. Mimi nina kadi, mchoro wa jinsi wapinzani wanavyocheza. Kocha msaidizi anaiinua ikiwa ndani ya plastiki, matone yanateleza juu ya mistari ya wino mweusi. Duara la njano limemzunguka mdakaji mmoja. Huyo ndiye wa kupewa mpira, hata kama beki amemganda.

Na hapo ndipo panaponiuma. Tangu sekondari nimefundishwa kutafuta mtu aliye wazi. Kadi ya kumi na kitu, duara lilikuwa kwa mdakaji wa kulia, lakini wa katikati alibaki peke yake kabisa. Mkono ukaenda wenyewe. Mpira ukatua kifuani kwake, akakimbia hadi mwisho wa uwanja, wenzangu wakapiga kelele.

Kocha wa ulinzi hakupiga kelele. Alinifuata, akasema kwa sauti ya chini: "Pasi nzuri. Lakini yule hatupi pale. Umewafundisha vijana wangu kumkimbiza mtu ambaye Jumamosi hatakuwepo."

Tukarudia. Nikaupigapiga mpira mara mbili, nikatupa kwenye duara, na beki wetu akauruka na kuudaka. Alipopita alinigonga kofia. "Sasa namjua," akasema. Nimeyabeba maneno hayo jioni nzima.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kwotabeki Stetson Bennett. Aliingia Georgia 2017 bila udhamini wa masomo, na kabla ya Rose Bowl, mechi ya nusu fainali ya vyuo msimu ule, akavaa namba 6 mazoezini kumwigiza Baker Mayfield, kwotabeki wa Oklahoma. Georgia ilishinda 54–48. Baadaye aliondoka, akarudi, akaiongoza timu ileile kuchukua ubingwa wa taifa msimu wa 2021 na wa 2022. Wengi wa umri wangu huhama chuo mapema kutafuta nafasi. Siwalaumu, lakini mimi kwanza nataka kuujua mchezo. Mwaka huu nimewekwa akiba: nikicheza mechi zisizozidi nne, miaka yangu minne ya kuchezea chuo inabaki mizima.

Saa 12:30 jioni. Bega kwenye barafu, wali na kuku, kisha saa mbili za kusoma.

Saa 3:20 usiku. Mama anapiga kutoka Lexington, Kentucky, kabla ya kuingia zamu ya usiku kwenye ghala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Mkono?"

"Mzima."

Nasikia mlango wa gari ukifungwa, na wenzake wakisalimiana.

"Jumamosi utacheza?"

"Hapana mama. Nitasimama pembeni, karibu na mwenye kadi."

"Haya. Basi nitaangalia pembeni."