Machweo mawili ya Petworth

Kazi yangu ya mwisho kila jioni ni kulifungia jua nje. Mwezi wa Oktoba, ikikaribia saa kumi na moja, jua linainama juu ya bustani ya Petworth na kuingia moja kwa moja kwenye madirisha ya upande wa magharibi. Nje kuna ziwa, kuna kulungu wanalisha, maji yamegeuka rangi ya chungwa. Naiba kuangalia kidogo, kisha nashusha pazia. Nyuma yangu, ukutani, lipo ziwa hilohilo na machweo hayohayo na kulungu haohao, kama alivyowachora mchoraji wa Kiingereza J.M.W. Turner karibu miaka 200 iliyopita. Ili machweo yake yabaki, haya ya leo nayanyima ruhusa ya kuingia.

Petworth ni jumba la kale huku West Sussex, kusini mwa Uingereza. Kuta zake zimejaa kazi za wachoraji wakubwa, Van Dyck, Titian, Reynolds, na Turner peke yake ana picha 20 za rangi ya mafuta. Mimi ni mtoto wa Mkomani, Lamu. Nilikuja nchi hii kumfuata mume, nikafanya kazi ya kuogesha wazee, mgongo ukakataa, nikaomba kazi ya usafi kwenye majumba ya kale nikidhani ni ufagio na ndoo. Mama aliponiuliza kwenye simu, nikamwambia nafuta vumbi.

“Umevuka bahari zote hizo ukafute vumbi la matajiri?”

“Naam mama. Tena kwa brashi ndogo kama ya wanja.”

Akadhani namtania. Lakini ndivyo ilivyo. Fremu iliyopakwa dhahabu haiguswi na kitambaa, maana uzi mmoja ukinasa kwenye ufa, dhahabu inabanduka nao. Mkono mmoja unashika brashi ya manyoya laini ya farasi, mwingine unashika mpira wa mashine ya kufyonza vumbi, mdomo wake umefungwa neti. Unalitoa vumbi kwenye nakshi kwa upole, linamezwa hewani kabla halijatua kwingine. Neti ni ya kulinda: ikitokea kipande cha nakshi kimekatika, hakipotei tumboni mwa mashine, kinabaki pale mdomoni, unakiokota, unakiweka kwenye bahasha, unaandika kimetoka wapi. Uso wa picha wenyewe hatuugusi kabisa. Huo ni wa wahifadhi waliousomea, na hata wao nimewaona wakivuta pumzi kabla ya kuanza.

Na vumbi lina ratiba. Likiachwa mahali penye unyevu, linagandamana na uso wa kitu likawa kama utandu wa saruji, na kulitoa hapo ni kuumiza. Ukilitoa mara nyingi mno, nako ni kusugua. Kwa hiyo tunafuta kwa kiasi, na kila tulichofuta tunakiandika. Mwanzoni niliona uvivu uliovikwa koti la utaalamu.

Kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni giza. Hakuna siku inapita mgeni asiniulize, mbona hamuwashi taa? Mzee mmoja aliniambia ametoka mbali, amelipa kiingilio, na sasa anapapasa kama yuko pangoni. Nikamwonyesha kile kidude tunachopimia. Mwanga hupimwa kwa laksi. Laksi 1 ni kama mwanga wa mshumaa mmoja uliosimama mita 1 mbele yako. Vitambaa na picha za rangi ya maji hupewa 50, picha za mafuta 200. Jua la utosi la kwetu Lamu linapita 100,000. Halafu hesabu haiishii kwenye ukali, unaongeza na saa: laksi 50 kwa saa 3,000 za mwaka ni 150,000, na hiyo ndiyo bajeti ya pazia au zulia kwa mwaka mzima. Ukifungua dirisha asubuhi moja kwa sababu kuna mgeni mheshimiwa, umekopa kwenye fungu hilo. Deni lenyewe halilipiki. Rangi iliyopauka haiponi hata uifungie gizani miaka 100.

Turner naye hakuturahisishia. Alikuwa mtu wa kupenda rangi zilizomvutia siku ile, zikiwemo nyekundu zilizojulikana tangu wakati wake kwamba hazidumu. Mwenyeji wake, Lord Egremont wa tatu, alimpa maktaba ya zamani ya ghorofani afanyie kazi, na inasimuliwa kwamba mlango ulifungwa kwa funguo na hakuna aliyefunguliwa ila mwenye nyumba, kwa hodi yake maalumu. Mchongaji Chantrey akaiiga hodi ile na akafunguliwa. (Kila nikipita pale natamani nibishe.) Picha nne alizochora kwa ajili ya chumba cha kulia, pamoja na ziwa langu hilo la machweo, ziliwekwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi mezani. Mgeni anayepita amesimama inabidi ainame kidogo.

Chumba chenyewe kimezungukwa na nakshi za mbao za Grinling Gibbons, za miaka ya 1690. Sisi tuliokulia chini ya milango ya Lamu tunajua nakshi, lakini za kwetu ni maua, mizabibu na minyororo. Viumbe wenye roho hatuchongi. Gibbons amechonga ndege waliokufa wananing’inia, vikapu, ala za muziki, majani membamba hata unaogopa kupumua. Nilipopewa brashi mara ya kwanza nisogee kwa ndege yule, mkono ulitetemeka.

Baridi nayo ina kisa chake. Watu hudhani hita za nyumba hizi ni za kutupasha sisi joto. Thubutu! Zinaongozwa na kipimo cha unyevu wa hewa. Unyevu ukipanda kupita asilimia 65, ukungu unaamka, hita inawaka kidogo ili hewa ikauke. Ukishuka kukaribia 50, inazima, hata kama vidole vyako vimekufa ganzi. Mbao hazijali joto kama zinavyojali unyevu: zinavimba na kusinyaa, na picha iliyochorwa juu ya ubao inapasuka kwa kufuata ubao wake. Basi nafanya kazi na fulana mbili ndani, na Januari tatu.

Kwenye pembe za vyumba kuna mitego midogo ya gundi. Tunahesabu nondo wa nguo, wadudu wa zulia, watoboao mbao, tunaandika idadi kila mara. Kitambaa kilichoingiliwa kinafungwa kwenye nailoni na kutiwa kwenye friji la barafu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Nilimweleza mama, akasema mchwa wa Lamu wangeomba blanketi.

Ukumbi wa kaskazini ndio unaowagawa wageni. Picha zimebanana ukutani, juu kwa juu, na katikati sanamu za marumaru za Kirumi na Kigiriki, nyingi kati yake zikiwa na pua mpya zilizobandikwa katika karne ya 18, maana soko la Roma wakati ule halikutaka sanamu isiyo na pua. Kuna wanaotaka picha zipunguzwe, zipewe nafasi zipumue, ziandikiwe maelezo kama makumbusho. Nilikuwa mmoja wao. Lakini Egremont alikuwa mtu wa kujaza, alipanua ukumbi huu mwenyewe miaka ya 1820 apate pa kuwabandika wachoraji wa Kiingereza wa zama zake karibu na sanamu alizokusanya baba yake. Ukizipunguza utaziona vizuri zaidi picha, na yeye hutamwona tena.

Niseme pia jinsi mkusanyiko huu ulivyosalia mzima, kwa sababu ndipo nilipoumia. Mwaka 1947 mwenye nyumba aliikabidhi kwa shirika la hifadhi la National Trust, na ukoo wake unaishi upande mmoja mpaka leo. Kodi ya mirathi ilipowaelemea, mwaka 1956 serikali ilipokea picha na sanamu badala ya pesa, zikaachwa palepale ukutani. Mali ikabadilika mwenyewe bila kubadilika msumari.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sahani 12 za kauri ya Kichina, buluu na nyeupe, ndugu kabisa wa zile ninazozipita kila siku Petworth. Zilikaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani, mwisho wa nyumba, jua lisikofika. Mwanga ulifika umeshapita uani, ukapita msana, ule ukumbi mrefu mwembamba, umechoka. Hakuwa na kipimo cha laksi. Alizishika kwa mikono miwili mitupu iliyokaushwa, na huku nilipofundishwa kushika kauri niliambiwa hivyohivyo, kwani glavu za pamba huteleza. Alipofariki ziligawanywa kwa haki ya mirathi: mjomba sita, mama tatu, mama mdogo tatu. Mjomba aliuza zake kwa mpita njia aliyekuwa na begi tayari. Za mama mdogo sijui ziliishia kwa nani. Zidaka zilibaki na matundu kama mdomo wa mtoto anayeng’oka meno.

Za mama bado zipo. Nimempigia picha kumuonyesha kabati za huku, nimemtumia maelezo ya brashi, nimemwambia asiziweke karibu na dirisha jipya alilotoboa mjomba. Ijumaa iliyopita nilimpigia simu ya video, akageuza kamera kunionyesha ukuta. Nikahesabu mbili.

“Mama, ya tatu?”

Akageuza simu chini. Ilikuwa mkekani, katikati ya wanawake wanne wa mtaani, imejaa kaimati, shira imetuama kwenye ua la buluu.

“Wageni,” akasema, kana kwamba hilo linatosha.

Nikamwambia, basi asiioshe kwa maji ya moto.

“Nitaiosha alivyoiosha bibi yako,” akajibu, akailaza simu juu ya kiti, nami nikabaki natazama boriti za dari na kusikia vijiko.