Nilikuwa nakagua, yeye alikuwa anatazama

Mpwa wangu alisimamisha picha katikati ya dansa, akanigeukia. "Shangazi, mbona unaguna?"

Wala sikujua kwamba naguna. Ilikuwa Juni 2022, yeye ana miaka 14, na tulikuwa tumejilaza mbele ya skrini tunatazama The Summer I Turned Pretty, tamthilia iliyokuwa imetoka siku hizo hizo, sehemu zote 7 kwa mpigo. Yeye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Mimi riwaya zote tatu za Jenny Han nilizisoma nikiwa na miaka 16, nakala za kuazimana zilizopita mikono mingi hadi jalada la ile ya kwanza likabanduka, tukawa tunalishikiza kwa gundi ya karatasi. Kwa hiyo mabinti walipoanza kushuka ngazi na magauni yao meupe, tayari kutambulishwa mbele ya wakubwa, koo langu lilitoa sauti lenyewe.

"Hii haimo kitabuni," nikamwambia.

"Sawa. Lakini ni mbaya?"

Nilinyamaza. Akabonyeza, picha ikaendelea. Usiku ule niliandika swali lake kwenye daftari, na leo, baada ya misimu mitatu, naona bado sijamaliza kulijibu.

Kwa ambao hawaijui hadithi: Belly anakaribia kutimiza miaka 16. Kila kiangazi yeye, mama yake na kaka yake huenda kukaa kwenye nyumba ya ufukweni ya rafiki wa mama, huko Cousins. Rafiki huyo, Susannah, ana watoto wawili wa kiume, Conrad na Jeremiah. Mengine mtayakisia. Mpwa wangu aliuliza mapema kabisa, "Steringi ni yupi kati ya hawa wawili?" Hilo ndilo swali lililogawa mamilioni ya watazamaji hadi wakawa na majina: Timu Conrad na Timu Jeremiah. Vitabu vilitoka 2009, 2010 na 2011, kimoja kila mwaka. Vinasimuliwa zaidi kwa sauti ya Belly mwenyewe, kwa hiyo ukivisoma unakaa ndani ya kichwa chake, unaona anachokiona yeye na usichokiona ni kile asichotaka kukiona.

Msomaji wa hadithi ya namna hii hujenga nyumba. Ngazi nilizipanga mimi. Rangi ya mapazia niliichagua mimi. Hata sauti ya Conrad niliitengeneza mwenyewe, nzito kidogo, ya mtu asiyependa kurudia neno. Halafu siku moja kamera inaingia na kukuonyesha nyumba ya mtu mwingine, na wote waliokaa karibu nawe wanasema, "Kumbe ndiyo hii!" Unataka kupiga kelele kwamba siyo. Ndiyo hasira iliyonipata, na ndiyo ninayoisoma kila mara riwaya ya vijana inapogeuzwa kuwa tamthilia. Wasomaji wanasema "wameiharibu". Wanasema "wamebadilisha kila kitu".

Hapo kwenye hiyo "wa-" ndipo nilipokwama. Hao "wao" ni akina nani? Aliyeianzisha tamthilia hii na kuisimamia ni Jenny Han mwenyewe. Dansa la magauni meupe ameliweka yeye. Belly wa kwenye skrini, aliyeigizwa na Lola Tung katika kazi yake ya kwanza ya kuigiza, ana mama mwenye asili ya Korea, nalo ni uamuzi wa mwandishi ambaye yeye mwenyewe ni Mmarekani mwenye asili ya Korea. Na mama huyo, Laurel, ambaye kitabuni nilimwona kama mtu wa kupita jikoni akiuliza nani ameacha taulo sakafuni, kwenye tamthilia ana maisha yake. Anaandika, anakwama, anacheka na Susannah hadi machozi, na anaogopa kumpoteza.

Mawazo yangu ni haya: mwandishi alirudi kwenye kitabu chake zaidi ya miaka kumi baadaye, na alikuwa amekua. Alipowaandika mara ya kwanza alikuwa karibu zaidi na msichana. Aliporudi, akamwona na mama. Nilipolielewa hilo, lile neno "wameharibu" lilinishinda kulitamka. Nyumba ni yake. Akitaka kuvunja ukuta apate sebule kubwa, mimi mgeni niliyelala humo viangazi vitatu nina haki ya kusikitika, lakini sina haki ya kumwita mwizi.

Si kila mara mabadiliko hutoka kwa mwandishi, bila shaka. Tamthilia ya Gossip Girl, ambamo mtu asiyejulikana huandika umbea wa vijana, ilipoisha Desemba 2012 ilitaja hadharani ni nani aliyekuwa akiuandika, jambo ambalo vitabu vya Cecily von Ziegesar havikulifunua kamwe. Katika Pretty Little Liars, mhusika Toby anakufa kwenye riwaya za Sara Shepard, ila kwenye tamthilia aliishi hadi mwisho. Rafiki yangu mmoja aliyesoma alikaa misimu kadhaa akisubiri kifo kile kwa hofu, na kisipotokea akakasirika. Nilimuuliza: ulitaka afe? Akasema hapana, nilitaka kuwa najua. Nimelifikiria sana jibu lile. Aliyesoma kabla ana kaheshima fulani kwenye kundi, yeye ndiye anayetabasamu wengine wanapokisia, yeye ndiye anayeombwa asimwage mtama. Tamthilia ikipinda njia, kaheshima kanakwisha, anakuwa mtazamaji kama wengine.

Lakini kuna hasira nyingine inayojificha nyuma ya "siyo kama kitabuni", na hii sitaki kuipita haraka.

Machi 2012, filamu ya The Hunger Games ilipotoka, baadhi ya mashabiki waliandika hadharani kwamba wamevunjika moyo kuona Rue, msichana mdogo wa kwenye hadithi, ni mtoto mweusi. Aliyemwigiza, Amandla Stenberg, alikuwa na miaka 13. Sasa fungua riwaya ya Suzanne Collins, pale Rue anapotajwa mara ya kwanza: imeandikwa waziwazi kwamba ngozi yake na macho yake ni ya kahawia iliyokoza. Imo. Ilikuwa imo tangu 2008. Wale watu walisoma sentensi ile, macho yakaiteleza, wakampaka mtoto rangi waliyoizoea, wakampenda, wakamlilia alipokufa, na sinema ilipowarudishia mtoto wa kitabuni wakasema siye. Mei 2022 hali ikajirudia kwa namna nyingine, mwigizaji mweusi Leah Jeffries alipochaguliwa kuwa mhusika Annabeth katika tamthilia ya Percy Jackson. Kitabuni Annabeth ana nywele za dhahabu, hilo ni kweli. Leah alikuwa na miaka 12. Miaka 12! Watu wazima walimwandama hadi Rick Riordan, mwandishi wa riwaya zenyewe, akalazimika kuandika kumtetea, akasema wazi kwamba kumsema mtoto yule kwa sababu ya rangi yake ni ubaguzi. Nilisoma maneno yake nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa.

Kisa cha Rue ndicho kilichonifanya nianze kuitilia shaka kumbukumbu yangu mwenyewe. Kama watu wengi hivyo waliweza kuruka sentensi nzima, mimi niliruka nini?

Jibu nililipata kiangazi cha 2025.

Msimu wa tatu, ambao ndio wa mwisho, haukumwagwa wote mara moja. Ulianza Julai 16 kwa sehemu mbili, kisha ikawa moja kila Jumatano hadi Septemba 17, jumla 11. Tofauti yake na ule msimu wa kwanza ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ukipewa sehemu 7 usiku mmoja, unakula hadi unashiba na kulala. Ukipewa moja na kuambiwa subiri siku saba, unageuka kuwa hakimu. Kwenye kundi letu la simu tulikuwa marafiki tisa, na kila Alhamisi asubuhi kulikuwa na ushahidi mpya: alivyomwangalia, alivyochelewa kujibu, alivyoshika glasi. Tulichambua dakika moja kwa saa mbili. Nilifurahi sana, nisiseme uongo. Ni miaka mingi sijakaa na watu wakubwa wenzangu tukijadili kwa moyo wote kama msichana wa hadithi aolewe au asiolewe.

Na mimi niliyesoma sikuwa na kaheshima tena, kwa sababu mwandishi alishatuonyesha kwamba yuko tayari kugeuza. Nilikaa kimya kama wengine, nasubiri Jumatano.

Sehemu ya tano ikaja. Safari hii sauti inayosimulia si ya Belly, ni ya Conrad. Yule kijana ambaye muda wote tulimwita mkavu, mgumu, asiyejua anachotaka, anasikika kutoka ndani, na kumbe ndani kulikuwa na dhoruba. Mpwa wangu, aliyekuwa Timu Jeremiah tangu mwaka wa kwanza, alivuta mto akaukumbatia. Picha ilipoisha hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kitabuni naye anaongea?"

Nikaanza kusema hapana. Nikasita. Nikaenda kabatini nikatoa riwaya ya tatu, nakala niliyokuja kuinunua ukubwani kwa ajili ya kumbukumbu tu na sijawahi kuisoma tena. Nikafunua. Anaongea. Kuna sura zimeandikwa jina lake juu kabisa, kwa herufi ambazo hata kipofu wa mapenzi angeziona. Na nikakumbuka, kama mtu anayekumbuka harufu, kwamba nikiwa na miaka 16 nilikuwa naziruka. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwa Belly. Nilitaka kujua kuhusu harusi. Nilipeperusha kurasa za Conrad kwa kidole gumba nikitafuta mahali jina la msichana linaporudi.

Miaka yote ile nimekuwa nikisema ninakilinda kitabu. Nilichokuwa nakilinda ni ule usomaji wangu wa haraka, na chumba nilichosomea, na mimi wa wakati ule. Kitabu chenyewe kilikuwa na vyumba ambavyo sikuwahi kufungua mlango.

Niliketi sakafuni nikazisoma sura zile usiku ule, moja baada ya nyingine, mpwa wangu amelala.

Natamani ningesema kwamba tangu hapo nilikuwa mtazamaji mwenye hekima. Sivyo. Kadiri wiki zilivyokwenda, watu walizidi kupandwa na hasira na Jeremiah, na baadhi wakaacha kumtofautisha na Gavin Casalegno anayemwigiza. Matusi yalikuwa mengi kiasi kwamba Prime Video, wanaoionyesha tamthilia hii mtandaoni, iliwakumbusha mashabiki hadharani kwamba hadithi si ya kweli, ila wanaoiigiza ni watu wa kweli. Nililisoma tangazo lile nikakubaliana nalo kabisa. Na wiki chache baadaye, Jumatano usiku, damu imechemka, niliandika kwenye kundi letu kwamba sitaki kuiona tena sura ya kijana yule popote, katika kazi yoyote.

Mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka 17, alikuwa anasoma begani kwangu. "Shangazi. Amekukosea nini yeye?"

Niliufuta ujumbe ule. Watu watano walikuwa wameshauona na wawili walikuwa wameshacheka. Kijana yule alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno hadi nikamchukia mtu asiyekuwepo, na malipo yangu kwake yakawa yale. Nimeona aibu, na ninaiandika hapa kwa sababu nilimsema vibaya mbele ya watu tisa.

Mwisho ulipofika Septemba sitausimulia, kuna wanaoendelea kutazama. Nitasema tu kwamba kitabu kinaruka miaka kwa kurasa chache na kukuachia picha moja ya mbali, wakati tamthilia ilisimama karibu zaidi, Paris, ikawapa watu wawili muda wa kuongea. Siku ile ile ikatangazwa kwamba filamu itafuata, Jenny Han akiiandika na kuiongoza. Kundi letu lililipuka. Mmoja alisema ameridhika, mwingine alisema ameibiwa, wa tatu alituma sauti ya dakika nne akilia. Mimi niliguna, lakini safari hii nilijisikia nikiguna, na ilikuwa guno la kitu kingine.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniomba riwaya ya kwanza. Amekuwa akiisoma taratibu, miguu juu ya ukuta, penseli sikioni. Jana alikuja nayo kidole kikiwa kati ya kurasa, uso umekunjamana.

"Shangazi, nimefika mwishoni kabisa. Dansa liko wapi?"

"Halipo."

"Halipo kivipi? Yaani wameliondoa?"

Akarudi chumbani na kitabu chake, na kupitia mlango uliobaki wazi nikamsikia akiguna.