Nyani wa Emei na ndizi za kushauriwa

Mimi ni mtoto wa Marangu. Nilipoambiwa Emei, mlima mtakatifu wa Wabudha kule Sichuan, una mita 3,099, nilicheka. Wa kwetu una 5,895! Wenzangu wa chuo hapa Chengdu wakasema nipande basi mpaka Leidongping, halafu gari la waya hadi kileleni. Mchaga na gari la waya, wapi na wapi?

Nikaanzia hekalu la Wannian. Pale usipite mbio. Ndani ya jengo la matofali lisilo na boriti hata moja yupo Puxian, bodhisatva (mtakatifu wa Kibudha) wa mlima huo, juu ya tembo wa meno sita. Shaba tupu, tani 62, ilisubiwa mwaka 980. Kizingiti cha hekalu huvukwa, hakikanyagwi. Mimi nilikikanyaga, bibi mmoja akanivuta shati.

Kisha ngazi. Ngazi za mawe kutwa nzima. Kwenye njia ya udongo mguu hujichagulia pa kukanyaga. Huku kila hatua amekupimia mtu mwingine, na magoti yangu hayakupenda vipimo vyake.

Sasa ndizi. Rafiki yangu alinishauri nibebe ndizi niwape nyani, "watakuzoea". Mungu anamwona. Karibu na hekalu la Xixiangchi, penye kidimbwi ambacho wanasema Puxian alimwogeshea tembo wake, likaja dume nene lenye kimkia kama kidole gumba. Nikalinyooshea ndizi moja kwa adabu. Halikuitazama. Lilitazama ilikotoka. Likarukia begi, likafungua zipu taratibu kama mama anayetafuta chenji sokoni. Nikavuta, likavuta. Likanionyesha meno, nikaachia. Zilikwenda ndizi zote, biskuti na glavu zangu. Glavu moja liliionja, likaitupa bondeni.

Muuza chai mmoja, ayi wa makamo (ayi ni kama shangazi kwetu), alicheka hadi akakaa chini. Ndiye aliyenifundisha: nyoosha viganja vyote viwili wazi, vigeuze, waone huna kitu. Begi livae kifuani, koti juu yake. Kesho yake nilikutana na wanne, nikaonyesha viganja kama mtoto anayesingiziwa sukari. Wakanikagua, wakapisha.

Nililala hekaluni hapo hapo, yuan hamsini au sitini hivi, blanketi lina unyevu, chakula ni mboga tupu na kitamu ajabu. Koti nene nilikodi juu, ingawa niliambiwa "ni kiangazi, hutalihitaji". Yule naye!

Kileleni mawingu yalimfunika Puxian wa dhahabu, mita 48 zote, sikuona hata kidole. Nikasubiri karibu saa mbili. Ghafla pazia likafunguka, vichwa vyake kumi vikawaka jua, dakika tano labda, kukafunga tena.

Kushuka nilishuka kwa gari la waya. Marangu wasijue.