Sanduku la vitabu la Marafa

Watu wengi siku hizi wanaijua Marafa kwa lile korongo la Nyari, watalii wanatoka Malindi kwenda kupiga picha jioni basi, lakini sisi wa miaka ya tisini Marafa tunaikumbuka kambi. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka 1991 watu walikimbia Somalia, wengine kwa miguu wengine kwa majahazi, na huko Marafa yakapigwa mahema.

Mimi nilikua kidato cha pili. Maalim wetu mmoja alipita nyumba kwa nyumba hapa Malindi akaomba vitabu, vya hadithi, vya darasa la kwanza, vingine jalada limeng'oka zamani, akavijaza kwenye sanduku la bati na Jumamosi tukadandia lori, tukavuka daraja la Sabaki, vumbi tupu mpaka kambini.

Kufika tu ubishi ukaanza. Mzee mmoja tuliekuja nae akasema watoto wasomee hapo hapo chini ya mti, tukiondoka sanduku litiwe kufuli maana vitabu vitapotea. Maalim akamwambia, "Mzee wangu, hawa wamepoteza majumba yao, sisi tulilie kitabu?" Daftari likafunguliwa, mtoto anaandika jina anaenda na kitabu chake.

Akaja msichana wa kama miaka tisa hivi, kabeba mdogo wake mgongoni, akachukua cha sungura na fisi, kile kilichochakaa kuliko vyote. Jumamosi ya pili akakirudisha. Kimevaa jalada la gunia la unga, limekatwa sawa sawa, pembeni limeshonwa kwa uzi mweusi, tundu ndogo ndogo zimepangana kama za fundi. Maalim akakigeuza huku na huku. Mtoto akasema, "Kilikua hakina nguo, maalim. Kingine kipo?"

Wallahi mpaka leo nikimsikia mtu akisema watoto wa kambini wapewe chakula kwanza, vitabu baadae, napandwa na hasira. Yule alikua na njaa ya vyote viwili na hakuna aliemwambia achague.

Wenzake nao wakaanza kushona, vile visivyo na jalada vikawa ndo vinagombaniwa. Baadae makambi ya pwani yakafungwa, watu wakahamishiwa Kakuma na Dadaab, na yule mzee, yule yule wa kufuli, ndie aliesema alie na kitabu asirudishe, aende nacho.