Gemu za mezani ninazozipenda, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza ni The Crew, na sioni inayoikaribia. Thomas Sing aliitunga, ikatoka Ujerumani mwaka 2019. Karata za kuchezea ni 40 tu: rangi nne, kila moja ina namba 1 hadi 9, na roketi nne ambazo ndizo turufu. Aliyezoea karata za turufu barazani anaijua nusu yake kabla hujamaliza kugawa. Rangi iliyotangulia lazima uifuate. Huna, tupa yoyote. Mwenye kubwa anakula, roketi inakula zote. Tofauti ni kwamba hapa meza nzima iko upande mmoja. Misheni ziko 50, na kila moja ina kazi zake: labda wewe lazima ule njano 6. Akiila mwingine, mmeshindwa wote, mnachanga upya.

Kuongea kuhusu karata zako ni marufuku. Unayo kete moja ya mawasiliano, na unaitumia mara moja kwa misheni, kabla duru (kila mtu kutoa karata moja) haijaanza: unalaza karata moja ya rangi ikiwa wazi, unaiwekea kete. Kete ikikaa juu, hiyo ndiyo kubwa yako katika rangi hiyo. Katikati, ndiyo pekee. Chini, ndiyo ndogo. Ukiwa na kijani 3, 5 na 8, unaweza kuonyesha 3 au 8. Ile 5 haionyeshwi, na roketi hazionyeshwi kabisa.

Wanaoanza hukosea kwenye kugawana kazi. Mtu ameshika njano 1, anaona kazi ya njano 1 mezani, anaikimbilia. Akiitoa, karibu kila mwenye njano atamla. Kazi hiyo mwachie mwenye njano 8 au 9, wewe mtupie 1 yako anapokula. Watu wanne ndio idadi tamu, karata kumi kumi. Mkiwa watatu mmoja anapata 14 wengine 13, na karata moja inabaki mwishoni. Msidhani mmegawa vibaya.

Ya pili ni Azul ya Michael Kiesling, 2017. Vigae 100, 20 kwa kila rangi kati ya tano, vizito na laini kama pipi. Panga boi likizunguka kasi ya mwisho havisogei. Kwa jiji hili hiyo ni sifa kubwa. Visahani viko 5 kwa wachezaji wawili, 7 kwa watatu, 9 kwa wanne, na kila kimoja kina vigae vinne. Unachukua vyote vya rangi moja, vilivyobaki vinasukumwa katikati. Mcheza bao ataielewa upesi, maana kazi ni ileile ya kuhesabu mbele: nikichukua hivi viwili, jirani atabebeshwa vingapi? Visivyo na nafasi kwenye ubao wako vinaanguka "sakafuni", mstari wa chini wa ubao, na kukukata alama.

Mambo mawili huharibu Azul. Kwanza, watu wanahamisha vigae vyote "ukutani", sehemu ya ubao inayoleta alama, halafu ndipo wanahesabu. Unatakiwa kuhesabu kigae kimoja kimoja, safu ya juu kushuka chini, maana cha chini kinafaidika na cha juu kilichotangulia. Pili, vigae vilivyotumika vinarudishwa mapema kwenye mfuko wa kuchotea. Viweke kwenye kifuniko cha boksi mpaka mfuko uishe kabisa, la sivyo anayehesabu rangi zilizobaki anahesabu bure. Na alama andikeni kwenye karatasi, kwa sababu kile kijiwe cheusi cha alama kinahama ubao ukiguswa tu na kiwiko.

Wageni wakijaa, toa 6 nimmt! ya Wolfgang Kramer, ya 1994. Hii ndiyo ya tatu. Inabeba watu 2 hadi 10, na mkiwa kumi karata zote 104 zinatumika: kumi kwa kila mtu, nne za kuanzishia safu. Wote mnachagua kwa siri na kufunua pamoja. Ndogo inatangulia kupangwa. Anayeweka karata ya sita kwenye safu anazoa zile tano, na zinakaa pembeni kama adhabu, haziingii mkononi. Iogopeni 55, ina vichwa saba vya ng'ombe, yaani alama saba za adhabu. Mkiwa wachache, tumieni karata 1 hadi 44 kwa watu wanne. Kila karata inajulikana iko mchezoni na kubahatisha kunapungua.

Karata za karatasi hazipendi masika yetu. Zinapinda, na karata iliyopinda inajulikana hata ikiwa imegeuzwa. Weka ndani ya boksi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usizifunge kwa mpira, unakata kingo.

Catan ya Klaus Teuber, 1995, naiweka ya nne. Kupatana bei ya ngano na matofali watu wa hapa hawahitaji kufundishwa. Ila boksi la kawaida linaishia watu wanne, na mwenye zamu pekee ndiye anayebadilishana na wengine. Wawili wasio na zamu wakianza kuuziana, mchezo unapoteza mantiki. Usikae na karata zaidi ya saba bila sababu: jumla ya saba kwenye dadu mbili ina nafasi 6 kati ya 36, na ikitoka unatupa nusu.

Wingspan ya Elizabeth Hargrave ni nzuri mno, lakini ina karata 170 za ndege na nyingi zina maandishi ya Kiingereza ya kusoma. Mmoja akibaki mkalimani, hachezi. Kama mezani kwenu wote wanasoma bila kukwama, ipandisheni hadi ya pili.